Hivi Ziwa Natron ndege wanageuka mawe kweli? Na ule mlima wa lava nyeusi unapandika?

Shemeji_wa_Kruza:
Wakuu habari za jioni. Kuna picha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ndege na popo wamekauka wako kwenye matawi utadhani wamechongwa, chini wameandika eti ukigusa maji ya Ziwa Natron unageuka jiwe hapo hapo. Sasa mi nina likizo mwezi wa nane, tuko wanne na Landkruza ya shemeji, wenzangu wanataka Zanzibar ila kila mtu ofisini ameshaenda Zanzibar bana, mi nataka sehemu nikirudi watu wakae chini wanisikilize. Nimesikia huko huko kuna mlima unatoa lava nyeusi na kuna mchanga unatembea. Ni kweli au ndo zile stori za kuwavutia wazungu? Aliyefika aseme, ya kugugo nimeshasoma.

mtoto_wa_Longido:
Karibu sana mkuu. La kugeuka jiwe lipotezee. Zile picha ni za Mwingereza anaitwa Nick Brandt, zilisambaa sana 2013, na mwenyewe alisema wazi kwamba aliwaokota ufukweni wakiwa wameshakufa na kukauka, akawapandisha kwenye matawi akawapiga picha. Kinachotokea ni kwamba maji yale yana magadi makali, kwa hiyo mzoga ukiangukia humo hauozi kama kawaida, unakauka na magadi yanaugandia mwili mzima. Ila ndege mzima akigusa maji anaruka zake.

Na ingekuwa kweli basi heroe (flamingo) wangeisha zamani! Karibu robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wanazaliwa ziwa lile lile moja. Wanajenga viota vya tope katikati ya ziwa ambako fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga, maana tope linaunguza na sehemu zenye maji machache joto linafika hadi nyuzi 60. Yaani ukali wa ziwa ndo ukuta wao. Chakula chao nacho kiko humo humo, vile vijimwani vidogo, ndo vinawapa hata ile rangi ya pinki. Ndo maana ule mradi wa kiwanda cha magadi ulipigiwa kelele vile miaka ile.

Usitegemee kuona viota lakini, viko mbali sana. Utawaona heroe wenyewe wakila pembezoni, nenda asubuhi. Unatembea kwenye tambarare nyeupe, juu pamekauka unasikia kah kah kah chini ya kiatu, ukikosea hatua unazama kwenye tope jeusi linanuka hatari, na likikauka kwenye raba linakuwa jeupe na halitoki. Vaa raba ambayo hata ikifa huilii.

Mama Njiapanda:
Mtoto wa Longido kamaliza kwenye ziwa, mi niongelee mlima maana nimeupanda na magoti yangu ni mashahidi 😅

Ol Doinyo Lengai inapandika ila sio mlima wa kwenda kwa sifa. Mnaanza saa tano au saa sita usiku, kwa sababu mchana bonde lile ni tanuru na kwenye mlima hakuna hata mti wa kujificha, mnapanda masaa matano sita kwenye majivu, hatua mbili mbele moja nyuma, halafu huko juu mteremko ni mkali mpaka unashika kwa mikono. Watu wanaudharau wakisikia haufiki mita 3,000. Kilimanjaro njia ya Marangu unatembea umenyooka, hapa unatambaa.

Sasa hiyo lava. Ndo volkano pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya aina hiyo, kwa sababu lava yake imejaa soda na chokaa badala ya silika (ile ya kwenye mchanga na kioo) ya volkano nyingine. Inatoka na nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati za Hawaii zinapita 1,100, ndo maana mchana huoni wekundu wowote, unaona kitu cheusi kinachuruzika kama oili chafu ya gari. Usiku ndo inaonyesha wekundu kidogo. Ikishapoa haikai nyeusi, inanyonya unyevu wa hewani na ndani ya masaa au siku chache inakuwa nyeupe. Watu wengi wanaona weupe kileleni wanadhani theluji, pale hakuna theluji, ni magadi.

Ila msiende mkitegemea kuisogelea. Zamani watu walikuwa wanatembea mpaka ndani ya kreta, wengine wanalala humo na mahema, lakini ulipolipuka 2007 na 2008 kreta ilichimbika likabaki shimo refu, siku hizi unasimama ukingoni unachungulia, na ule ukingo sio wa kupigia selfi. Na kwa Wamasai ule ni mlima wa Mungu, wanaenda kuomba pale, kwa hiyo mambo ya kubeba spika na kupiga muziki acheni nyumbani.

Kipanga77:
Mleta uzi anachanganya kitu kimoja. Mchanga unaotembea HAUPO Natron, uko upande wa Olduvai, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, na geti lake ni lingine na hela yake ni nyingine. Ila ni kweli upo. Ni kichuguu cheusi kimejikunja kama mwezi mchanga, kirefu karibu mita 100, upepo unakisukuma kama mita 17 kwa mwaka, na wameweka alama za mawe zenye miaka, unaona kabisa mwaka fulani kilikuwa wapi. Chota konzi urushe juu uone, hautawanyiki ovyo kama mchanga wa pwani, unarudi umeshikamana kwa sababu una chuma chuma ndani.

Na huo mchanga umetoka wapi? Ni majivu ya huyo huyo Lengai, upepo umeyabeba.

mtoto_wa_Longido:
@Kipanga77 na zile nyayo pia! Pale Engare Sero, karibu na ziwa, kuna nyayo za watu zaidi ya 400 kwenye tope la majivu ya Lengai lililokauka likawa mwamba, watafiti wanasema zina kati ya miaka 5,000 na 19,000. Kuna kundi la watu 17 wamepita pamoja wakielekea upande mmoja, na kwa kupima nyayo wanaona wengi ni wanawake, inaonekana walitoka pamoja kutafuta chakula. Unaona mpaka vidole. Mwanakijiji ndo aliziona kwanza, wataalamu wakaja baadaye. Nenda na mwenyeji wa kijijini, usijiingilie mwenyewe.

Shemeji_wa_Kruza:
Aisee nimenyoosha mikono, Zanzibar itasubiri. Mmoja wetu ana mwili kidogo na hajawahi kupanda hata kilima, atapanda huo mlima kweli?

Mama Njiapanda:
Abaki chini, asilazimishwe. Aende maporomoko ya Engare Sero, ni kutembea ndani ya mto kwenye korongo, maji ni baridi na sio ya magadi, atafurahi kuliko nyie. Pitieni Mto wa Mbu mjaze mafuta hapo, njiani simameni Engaruka muone mabaki ya mji wa wakulima wa zamani na mifereji yao ya mawe, watu waliuhama miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Barabara ni vumbi, kuna mageti ya ushuru, bebeni keshi, mtandao wa simu unakatika. Na tairi la akiba mkague kabla hamjatoka, sio mfike kule ndo shemeji aanze kupigiwa simu zisizoshika.

Shemeji_wa_Kruza:
Tairi la akiba ndo sijawahi hata kuliona 😂 kesho namuuliza.