Naombeni ushauri: utamaduni wa Kiveda ulienezwa na shoka la chuma au gari la farasi?

Msomi_Pune: Wakuu, niko India nasoma historia, tasnifu imekwama. Utamaduni wa Kiveda, ule wa India ya kale wenye tenzi takatifu ziitwazo Veda, ulitokaje Punjab, kaskazini magharibi, ukafika bonde la mto Ganga, mashariki? Mimi naona ni shoka la chuma lililofyeka misitu. Nisaidieni, usingizi sipati.

Mzee_wa_Hoja: Anza na gari la farasi. Makaburi ya Sintashta, kusini mwa milima ya Ural, karibu mwaka 2000 KK: mbao zilioza, alama za spoku zikabaki kwenye udongo. Rigveda, Veda ya kale kuliko zote, imejaa magari ya namna hiyo.

Mama_Kilombero: Babu yangu alifungua shamba kwa moto, shoka lilikuja baadaye. Hata Shatapatha Brahmana, matini ya kale ya Kiveda kuhusu ibada, inasimulia Agni, mungu wa moto, akiunguza nchi kuelekea mashariki, mfalme Videgha Mathava nyuma yake, mpaka mto Sadanira. Babu alikuwa haogopi nyoka kabisa yule.

Mzee_wa_Hoja: Msimamizi wako anasemaje?

Msomi_Pune: Yuko sawa tu.

Mzee_wa_Hoja: Sema kweli, kijana.

Msomi_Pune: Pendekezo nilishawasilisha. Kalirudisha na wino mwekundu: "Mashoka yako wapi?" Anadai chuma cha mwanzo kule ni vichwa vya mishale na mikuki zaidi kuliko zana za shamba. Lakini mada sibadilishi, nimeisomea sana.

Ustadh_K: Mwalimu ni mzazi, msikilize.

Mpekuzi: Hii chai. Mwezi jana ulikuwa unauza mbao Mbagala, leo uko Pune?

Msomi_Pune: Akaunti tunatumia na kaka, mkuu. Mbao ni zake.

Bint_Pwani: Mwacheni. Mbona mmesahau kumbukumbu? Rigveda ina tenzi 1028, zikapita vizazi na vizazi bila maandishi. Mwanafunzi wa ghana, mtindo wa kukariri kwa kurudiarudia maneno, anasoma neno la 1 na la 2, anageuza 2-1, halafu 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3 tena. Silabi ikidondoka inajulikana papo hapo. UNESCO iliutambua usomaji huo mwaka 2003. Gari linavunjika, farasi anakufa. Mtu aliyehifadhi anatembea nazo popote. Kwangu hiyo ndiyo teknolojia iliyobeba yote.

Msomi_Pune: Hiyo naiongeza kama sura ya tatu, asante sana dada. Ila shoka linabaki kwenye kichwa cha tasnifu.

Mpekuzi: Weka picha ya huo wino mwekundu kwanza.