Tupeane uzoefu: Mliomtafutia mtoto shule ya bweni kidato cha kwanza, mlichaguaje za kuomba?

MZAZI WA TABATA
Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu yuko darasa la saba, mtihani wa taifa ni Septemba, na fomu za shule binafsi za bweni zimeshaanza kuuzwa. Kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp inazunguka orodha ndefu: St. Francis ya Mbeya, Marian, Feza, Canossa, Precious Blood, Anwarite, Kibosho, na bado inaongezeka. Kila mzazi anataka zote. Nimekaa na kalamu nikaona nikinunua fomu zote hizo na kuzunguka na mtoto kwenye usaili kila Jumamosi, ada ya awamu ya kwanza itaishia barabarani.

Binti ni mzuri ila si wa kushika namba moja. Mtihani wa utamilifu (mock) wa mkoa kapata 214 kati ya 300, Hisabati ndiyo inamvuta chini. Uwezo wangu wa ada hauvuki milioni tatu kwa mwaka, na hapo nimejibana kwelikweli.

Naomba waliopitia waseme walifanyaje. Matangazo ya shule hapana. Na shule iliyokuumiza usiitaje jina, tusije tukaitana mahakamani bure.

BABA MAPACHA, MWANZA
Mimi nilikuwa na wawili kwa mpigo, wa kike na wa kiume, na uwezo wao haufanani hata kidogo. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na orodha yake, na nyumbani tulikubaliana hakuna kulinganisha.

Kila mtoto aliombewa shule nne. Moja ya kujaribu bahati, mbili za saizi yake, na moja ambayo hata akiamka na homa siku ya usaili watampokea. Hiyo ya mwisho wazazi wengi wanaidharau, wanaiweka ili mradi tu. Sisi tulikwenda kuiona kabla ya zote, tukakagua mabweni na jiko, tukaongea na matroni, maana ndiyo ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa shule yetu. Na kweli mmoja yuko huko mpaka leo, anaendelea vizuri.

Saizi ya mtoto tuliipata hivi: mwalimu wao alitutafutia karatasi za usaili za miaka ya nyuma, watoto wakazifanya mezani saa ikiwa mbele yao, hakuna kuuliza. Maswali ya Hisabati ya usaili wa zile shule kubwa ni mazito kuliko ya NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa. Mtoto mwenye A ya shuleni anaweza kutoka pale na thelathini.

MAMA WA KAYUMBA
Baba Mapacha kasema kweli, naongezea upande wetu sisi tuliosomesha Kayumba, yaani shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili. Wangu alikuwa wa pili shuleni, walimu wanamsifu, na mimi kichwa kikavimba. Usaili wa kwanza karatasi nzima Kiingereza, hata Hisabati zenyewe. Mtoto anajua kukokotoa ila hajui swali linataka nini.

Nilichofanya baada ya hapo, nilipiga simu kwa kila shule kabla ya kununua fomu nikauliza maswali mawili: karatasi ya usaili iko kwa lugha gani, na mnapokea watoto waliosoma kwa Kiswahili? Kuna shule zinakujibu vizuri kabisa kwamba zina kozi ya maandalizi Oktoba mpaka Desemba ya kuwavusha kwenye Kiingereza. Kuna nyingine anayepokea simu anaguna. Ile ya kuguna nilikata jina papo hapo.

Kozi hiyo ni hela nyingine, uliza mapema. Ila kwa mtoto wa Kayumba naona inalipa kuliko tuisheni ya mtaani.

MWALIMU WA BWENI
Nafundisha sekondari binafsi ya bweni, nimeshasimamia usaili mara nyingi. Niseme vitu ambavyo mzazi haambiwi getini.

Sekondari yenye shule yake ya msingi huanza na watoto wake. Ukisikia nafasi za kidato cha kwanza ni mia na ishirini, usidhani mia na ishirini zote ziko sokoni. Uliza: wanaotoka darasa la saba lenu ni wangapi? Ofisi isiyotaka kujibu hilo ujue nafasi zilizobaki ni chache.

La pili ni matokeo. Tangu Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora, na wazazi wengi wakawa kama wamezimiwa taa. Lakini matokeo ya kila shule bado yako wazi mtandaoni, na ukijua kuyasoma yanakwambia mengi kuliko ile orodha ya kumi bora. Fungua kidato cha nne cha 2024, hesabu watahiniwa. Halafu fungua kidato cha pili cha 2022 cha shule hiyohiyo, maana ni watoto walewale. Kama kidato cha pili walikuwa zaidi ya mia na kidato cha nne wamebaki sitini na kitu wenye Divisheni I tupu, jiulize wengine walikwenda wapi. Huo ndio mchujo. Kuna shule wastani wao wa kuvuka darasa ni 50, nyingine 60, nyingine juu zaidi, asiyefikisha anarudia darasa au anaambiwa atafute shule nyingine. Wengine huhamishwa kwa sababu za kawaida, wazazi kuhama au ada kushinda, kwa hiyo pengo dogo lisikutishe.

Dada wa Tabata, kwa binti mwenye 214 na Hisabati inayosumbua, hilo ndilo la kuangalia kabla ya jina la shule. Usiishie kwenye divisheni. Kila mtahiniwa ameandikwa na alama za kila somo, shuka na safu ya Basic Mathematics peke yake. Utakuta shule ina Divisheni I nyingi lakini Hisabati D na F zimejaa, wamebebwa na masomo mengine. Na utakuta shule ya kawaida, haina jina, Hisabati wana C na B za kutosha. Hiyo ya pili ina mwalimu wa Hisabati. Mpeleke huko.

MZAZI WA TABATA
Mwalimu shikamoo. Hili la kidato cha pili na cha nne sijawahi kulisikia popote. Nimelijaribu usiku huu kwa shule tatu, moja imenishtua.

KIPATO CHA KAWAIDA
Tuongee hela sasa. Mimi niliona ada 2,800,000 nikasema namudu. Shule siitaji. Maelekezo ya kujiunga yalipokuja, sare zinanunuliwa pale pale shuleni na bei yao, fulana za michezo, sweta lenye nembo, hela ya tahadhari, mchango wa masomo ya ziada, mchango wa mtihani, ream za karatasi. Ongeza godoro, tranka, ndoo mbili, shuka, chandarua. Ongeza basi la kufunga na kufungua shule. Mwaka wa kwanza ukafika karibu milioni nne.

Sasa hivi mtu akiniuliza namwambia omba ile karatasi ya maelekezo KABLA ya usaili. Shule zinayo, ni ya mwaka jana tu, itakupa picha. Wakikwambia mpaka mtoto afaulu ndiyo uione, hesabu ada mara moja na nusu halafu uone kama bado unaitaka.

Kwa hiyo dada, mtu wa milioni tatu atafute shule yenye ada isiyozidi milioni mbili na kidogo.

BABA FRATERI, MOSHI
Mnasahau seminari. Kwa wenye watoto wa kiume Wakatoliki kuna Maua, Uru, St. James Kilema huku kwetu, Kaengesa Sumbawanga, Likonde Ruvuma, Rubya Kagera. Walutheri nao wanazo, Agape huku na ile ya Morogoro. Nidhamu na masomo viko vizuri, na ada mara nyingi ni nafuu kuliko shule binafsi za kiwango hicho.

Lakini si duka la kuingia yeyote. Kwa upande wetu Wakatoliki, kijana anapita kwa paroko, anatakiwa awe na barua, vyeti vya sakramenti, na awe anajulikana parokiani. Paroko hawezi kumwandikia barua nzuri mtoto ambaye hajawahi kumwona kwenye misa za asubuhi. Wa kwangu alikuwa anatumikia altareni tangu darasa la tatu. Na huko wanaangalia wito, si alama peke yake. Niliwaona vijana wenye akili kali wanarudishwa nyumbani kwa sababu walezi waliona hawapo pale kwa ajili ya upadre. Kama lengo ni elimu ya bei nafuu tu, mweleze paroko ukweli, atakushauri shule ya masista au ya jimbo isiyo seminari.

MDAU WA IRINGA
Msichanganye hizi na za serikali. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato, hizo huombi. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, ndio wanapanga kwa alama za darasa la saba. Hata za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga ni hivyohivyo. Ada hakuna tangu 2016, ila vifaa unanunua.

Shida ni tarehe. Shule binafsi zinataka awamu ya kwanza ilipwe mapema, wakati serikali inatangaza mwishoni mwa mwaka. Jirani yangu alishalipa, kijana akapangiwa bweni la serikali zuri tu, hela ikabaki kule. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba hairudishwi. Kama mtoto wako ni wa alama za juu kabisa wilayani, weka kwenye orodha shule inayokubali kulipwa sehemu ndogo ya kushika nafasi.

Dada, kwa 214 usiitegemee sana Kilakala, nasema kwa upendo. Ila kila mkoa sasa una shule mpya ya bweni ya wasichana ya sayansi. Huwezi jua.

MDADA WA PCB
Mimi sio mzazi, nilisoma bweni miaka sita. Naomba mumuulize na mtoto mwenyewe. Mimi niliomba nisipelekwe mbali kwa sababu ya pumu, baba akasema baridi itanizoesha. Mkoa wa baridi na pumu, mnajua wenyewe ilivyokuwa. Uliza shule ina nesi anayelala pale, au dispensari iko umbali gani usiku.

MZAZI WA DARASA LA TANO
Nachungulia tu, ila wenzangu wenye watoto wadogo jiandaeni. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 mikupuo miwili inagombea kidato cha kwanza. Hesabu za leo za nani anapata nafasi wapi hazitatufaa sisi.

BABA MAPACHA, MWANZA
Aisee. Hapo hata ile shule ya nne itakuwa na foleni.

MZAZI WA TABATA
Wakuu, nimewasikia. Nimekata orodha, zimebaki nne. Ya bahati ni moja ya Mbeya, na binti mwenyewe kaichagua. Mbili ni za masista, moja Morogoro na moja Pwani, ada zake ziko chini ya milioni mbili na nusu na safu ya Hisabati inaridhisha. Ya nne iko Dar hapahapa, haijulikani sana, nimekwenda jana nikaongea na matroni kama nilivyoelekezwa. Nesi wanaye. Usaili wa Mbeya unafanyika pia Dar, kwa hiyo nauli imeokoka, ila umegongana siku moja na ule wa Pwani. Nimepiga simu Pwani, wana awamu ya pili wiki mbili mbele.

Swali la mwisho kwa wenye watoto Mbeya: siku ya kufungua mnawapeleka wenyewe au kuna basi?

MAMA WA KAYUMBA
Wangu yuko huko. Mabasi ya kukodi yanapakia Stendi ya Magufuli, Mbezi, watoto wa shule moja wanakaa pamoja na mwalimu wao. Ila safari ya kwanza ya kidato cha kwanza nenda naye mwenyewe, mdogo wangu. Tranka inakaguliwa mbele yako, na kilichokatazwa unapewa urudi nacho. Mimi nilirudi na simu, pasi na kopo la karanga. Na sweta nunua zito, usisubiri la shule.