Mjadala: Je, majaji wa Marekani wana lawama katika tofauti ya adhabu kati ya weusi na weupe?

Ndugu aliyetangulia anasema majaji wa Marekani wasilaumiwe, kwa kuwa adhabu kali za dawa za kulevya zilitungwa na Bunge. Kwa sehemu nakubaliana naye. Sheria ya mwaka 1986 ilimpa aliyekutwa na gramu 5 za kokeini ya vipande kifungo kisichopungua miaka 5, ilhali mwenye kokeini ya unga alifikia kifungo hicho kwa gramu 500, na waliofungwa kwa ile ya vipande wengi wao walikuwa weusi. Mwaka 2010 Bunge lilipunguza uwiano huo kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, bila kuufuta.

Utetezi huo, hata hivyo, unakoma pale jaji anapokuwa na hiari. Tume ya shirikisho inayoandaa miongozo ya adhabu ilichambua hukumu za mwaka wa fedha 2017 hadi 2021, ikazingatia uzito wa kosa na makosa ya nyuma, ikakuta kwamba adhabu za wanaume weusi zilikuwa ndefu kuliko za weupe kwa asilimia 13.4. Walipolinganishwa waliopelekwa gerezani peke yao, pengo lilishuka hadi asilimia 4.7. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: sehemu kubwa ya tofauti imo katika kuamua nani afungwe na nani atumikie adhabu nje chini ya uangalizi, na huko nje mweusi hupelekwa kwa nadra zaidi.

Mwenye kuonewa afanye nini? Mwaka 1987, katika shauri la McCleskey dhidi ya Kemp, lililoletwa na McCleskey, mtu mweusi aliyehukumiwa kifo, Mahakama ya Juu ilipewa utafiti wa jimbo la Georgia ulioonyesha kwamba mshtakiwa aliyemuua mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyemuua mweusi. Majaji 5 kati ya 9 walisema takwimu hazitoshi, bali mshtakiwa athibitishe nia ya kibaguzi katika kesi yake mwenyewe. Nani atathibitisha yaliyomo moyoni mwa jaji, ambaye pengine hata mwenyewe hayatambui? Jaji Lewis Powell, aliyeandika uamuzi huo, alisema baada ya kustaafu kwamba angebadili kura yake. McCleskey aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1991, na kura haikubadilika.

California ilitunga sheria mwaka 2020 inayomruhusu mshtakiwa kutumia takwimu bila kuthibitisha nia. Wanaowatetea majaji watueleze: kwa nini mahakama za shirikisho zisiwe na sheria kama hiyo?