Mafuriko yakishapita, watu warudi kwao au wahamie mjini? Tuangalie Warmun

Wakuu, kuna hoja inarudi kila mara, kwamba watu wa vijiji vya mbali wakipata janga serikali isimwage hela porini, iwapeleke tu mjini karibu na hospitali na shule. Mimi napinga kabisa, na mfano wangu ni Warmun, kijiji cha Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) wa jamii ya Wagija huko Kimberley, Australia Magharibi.

Machi 2011 kijito cha Turkey Creek kilifurika, maji yakabomoa kijiji, watu kama 300 wakahamishiwa mji wa Kununurra, kilomita kama 200 hivi, wakawekwa kambini. Paa lipo, msosi upo, daktari yupo. Lakini kwao pombe ni marufuku na Kununurra inauzwa, sasa mzee aliyezoea neno lake kusikilizwa kijijini atamshika vipi kijana wake pale?

Halafu kuna picha za kuchora, na hapa ndo watu wengi hawaelewi. Kimbunga Tracy kilipouvunja mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia, Krismasi ya 1974, wazee wa Kimberley walisema ni Nyoka wa Upinde wa Mvua, roho kuu ya imani zao, anawaonya wasiache mila zao, na Rover Thomas, mchoraji wa Warmun, akaja na ngoma ambayo wachezaji wanabeba mbao zilizochorwa mabegani, zile mbao ndo zikazaa uchoraji wa Warmun mpaka 1990 kazi za Thomas zikaonyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia! Yaani hawa watu janga walishalijibu wenyewe, kwa akili yao na kwenye ardhi yao. Picha za wazee zilikuwa zinafundishia watoto shuleni. Zimechorwa kwa rangi ya udongo wa palepale, kwa hiyo mafuriko yalivyoingia rangi ikavimba na kubanduka, tope na ukungu juu, ikabidi zipelekwe Chuo Kikuu cha Melbourne kuokolewa, baadaye zikarudishwa.

Nyumba zilijengwa upya na watu wakarudi. Mtasema gharama, sawa, kujenga huko ni ghali kweli na mto unaweza kufurika tena, basi wajengewe sehemu ya mwinuko, na wao wenyewe ndo waonyeshe ni wapi maana hicho kijito wanakijua. Ila 2014, miaka mitatu tu baadaye, kiongozi wa jimbo Colin Barnett akatangaza kwamba vijiji vya namna hii 100 hadi 150 vinaweza kufungwa kwa sababu ya hela. Utamwambiaje mtu apande mti uani wakati hajui kama mwakani atakuwa na maji na umeme?

Mnaotaka wahamishwe, nijibuni hili: mjini hao wazee watawafundishia wapi wajukuu?