Mzee aliyemulika noti za posa kwenye taa, mbele ya shangazi watatu

MSHENGA_WA_KWELI:

Ndugu wanajukwaa, ninaandika haya nikiwa bado nimevaa kanzu ya shughuli, kwa sababu nikiivua hasira itapoa, na sitaki ipoe. Leo alasiri nilipeleka posa ya rafiki yangu katika nyumba moja upande wa Mbagala, na huko nikakutana na yule mzee. Simtaji jina wala hakuna haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kubeba sinia la posa kupita Kizuiani anamfahamu: ni yule mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ambaye kila ukoo unadai kuwa ni mjomba wao.

Tulifuata kila kitu. Barua iliandikwa kwa mkono na mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa ndani ya kitambaa cheupe chenye darizi, kitambaa kikalazwa juu ya sinia, na sinia likabebwa na binti ambaye tangu tuliposhuka kwenye gari alikatazwa hata kupiga chafya. Mlangoni tulipiga hodi tukaambiwa kwamba wenyeji wana uziwi ambao dawa yake ni fedha, tukatoa fedha, wakasikia. Nilipoingia nikaambiwa nimetanguliza mguu wa kushoto, nikatozwa faini. Nilipokaa mkekani nikaambiwa nimekaa kabla ya kukaribishwa mara ya tatu, nikatozwa nyingine. Nililipa zote nikicheka, maana mshenga asiyekubali kufanywa kichekesho kwa fedha yake mwenyewe abaki nyumbani kwake. Nasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kununa.

Ndipo bahasha ilipofunguliwa. Ndani mlikuwa na barua pamoja na shilingi 50,000 za kufungulia barua, yaani noti tano za 10,000, mpya kiasi cha kuchakarika kama makuti makavu, ambazo nilizifuata benki mwenyewe nikasimama kwenye foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Yule mzee hakuigusa barua. Alichukua noti ya kwanza, akainyoosha kwa vidole viwili, akaiinua kuelekea kwenye taa ya dari, akafumba jicho moja, akaanza kumtafuta Baba wa Taifa, yule Nyerere aliyefichwa ndani ya noti.

Naomba nirudie, kwa sababu hata mimi ninapoandika siamini. Aliinua noti ya posa kwenye taa! Aliiinua mbele ya shangazi watatu wa mposaji, waliotoka Morogoro kwa basi la alfajiri, wameshona sare, wamejitanda khanga za doti moja, na mmoja wao ana presha. Sebule nzima ilinyamaza mpaka tukasikia mtu anamenya viazi uani. Nilidhani ni utani wa kimila, nikaweka tayari tabasamu la kulipia faini, lakini hakutaja faini. Aliiweka noti ya kwanza chini, akainua ya pili.

Zilikuwa noti tano, ndugu zangu, na zote tano alizipandisha mbinguni. Alipofika ya nne, akasema taa ni hafifu, akaomba tochi ya simu, na simu aliyopewa ilikuwa yangu. Niliwasha tochi kwa mkono wangu mwenyewe ili nichunguzwe kwayo! Hata mtuhumiwa polisi haombwi kushika taa.

Alipomaliza alizikusanya, akazigonga gotini ziwe sawa, akawageukia wenzake akasema: "Inaonekana ni nzuri." Inaonekana! Angesema ni bandia ningesimama, tukagombana, yakaisha. Angesema ni halali ningemsamehe. Lakini mtu anayemmulika Mwalimu Nyerere mara tano, mara mbili kwa tochi, kisha akatoa hukumu ya "inaonekana", huyo ana neno moyoni.

Shangazi mkubwa hajatamka kitu tangu Mbagala mpaka Mbezi. Nikifumba macho ninaona ule mkono ukipanda. Ninyi mnaomfahamu semeni, maana nimechoka kumsitiri.

KANZU_YA_MKOPO:

Ninamfahamu vizuri sana, na wewe umebahatika. Kwenye posa ya kaka yangu hakumulika, alinusa. Alizileta noti puani moja baada ya nyingine, kisha akauliza kama mposaji anauza samaki. Kaka yangu kweli anauza samaki Feri, lakini hilo halikumhusu.

BINTI_WA_RUFIJI:

Mwandishi, nimesoma malalamiko yako yote nikitafuta mahali palipomwagika damu. Umetozwa faini ya mguu, ukacheka. Umetozwa faini ya makalio, ukacheka. Umeangaliwa noti, unataka tuandamane. Nina swali moja tu: je, Baba wa Taifa alionekana?

MSHENGA_WA_KWELI:

Alionekana katika noti zote tano, tena akiwa ametulia kuliko mimi. Hoja si kuonekana. Hoja ni kwamba aliinuliwa.

BABA_WA_MABINTI_WANNE:

Mimi nitamtetea huyo mzee, ingawa simjui na sina haja ya kumjua. Binti yangu wa pili alipoletewa posa tulipokea bahasha kwa heshima zote, hakuna aliyeimulika, na kesho yake mke wangu akaenda nayo dukani kununua mchele. Aliyeimulika akawa muuza duka, mbele ya wateja, na noti moja ikakataliwa. Nilimpigia mshenga simu, akaniambia kwamba barua ikishafunguliwa hairudi. Wapo pia wanaofukua noti za toleo la 2003 chini ya godoro la babu, wakati Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko mwaka 2025. Afadhali aibu ya sebuleni kuliko aibu ya dukani.

MSHENGA_WA_KWELI:

Mzee wangu, shikamoo. Zangu zilitoka benki. Aliziinua.

NDIZI_NA_ULEZI:

Ninyi watu wa bahasha mna raha. Sisi tulibeba mbege kutoka Marangu, imepikwa kwa ndizi na ulezi na mama ambaye amepika mbege kwa miaka mingi kuliko umri wa bwana harusi, tukasafiri nayo kwenye gari tukiwa tumeikumbatia kama mtoto mchanga. Tulipofika, baba mkubwa wa binti alichovya kidole kimoja, akakilamba, akatazama mlima, akasema haijakomaa. Hakupewa kata, wala hakungoja kupewa. Tulirudi nayo, na njiani ikakomaa, ikakirusha kifuniko na kutuosha sote. Noti yako haikukuosha.

WAKILI_WA_KIBARAZANI:

Ndugu zangu, mnajisumbua bila sababu. Kwa mujibu wa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikulipwa, kwa hiyo hata kama noti zote tano zingekuwa za kuchora kwa kalamu ya rangi, binti angeweza kuolewa. Na ndoa isipofungwa, kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Kwa hiyo tunza orodha.

BINTI_WA_RUFIJI:

Wakili, nani aliyetaja mahari? Hiyo ilikuwa fedha ya kufungulia barua. Mahari, kwa sisi Waislamu, huitaja binti mwenyewe na ni haki yake mwenyewe. Ninyi wanaume mnachanganya mahari, kilemba, mkaja na faini za mlangoni katika mfuko mmoja, kisha mnalia kwamba mmeuziwa mke.

MAMA_ANAYEDAI_MKAJA:

Ahsante kwa kuutaja mkaja, maana ninao uchungu wake hapa kooni. Mkaja ni wangu, mama wa binti, kwa ajili ya kitambaa nilichofungia tumbo nilipomzaa. Nilitegemea uletwe kwa adabu kwenye sinia, pamoja na khanga. Wakwe zangu waliutuma kwa simu! Nilikuwa sokoni, nimeshika sato mkononi, simu ikalia, nikasoma ujumbe kwamba nimepokea shilingi 100,000. Hapakuwa na neno la salamu wala jina la ukoo, na hawakuweka ya kutolea.

KANZU_YA_MKOPO:

Hawakuweka ya kutolea? Kwenye mkaja?

MAMA_ANAYEDAI_MKAJA:

Hawakuweka. Nilizaa kwa saa kumi na tisa, nikakatwa ada na wakala.

MKWE_WA_MURANG'A:

Hamjambo majirani. Mimi ninaandika kutoka Kenya, na kwetu Wakikuyu kwenye ruracio, yaani shughuli ya kupeleka mahari, wanawake huletwa wakiwa wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha unaambiwa umtambue mchumba wako, na ukikosea unatozwa. Niliwatazama miguu, nikaona viatu ambavyo nilimnunulia mimi mwenyewe, nikasimama kwa kujiamini na kumshika mkono. Alikuwa shangazi yake, ambaye alikuwa ameazima viatu. Wakanitoza mbuzi, na picha ipo.

NDIZI_NA_ULEZI:

Ulimshika mkono kwa muda gani?

MKWE_WA_MURANG'A:

Mpaka alipoanza kucheka. Nilishaanza kumwita mpenzi.

MSHENGA_WA_KWELI:

Ndugu zangu, naomba kwa heshima turudi kwenye noti. Shangazi mkubwa amefungua kinywa sasa hivi, ameniuliza kama nilizihesabu kabla ya kuzitia kwenye bahasha. Anaanza kunishuku hata mimi. Hayo yote yametoka kwenye ule mkono.

BABA_WA_MABINTI_WANNE:

Mama wa mkaja, hebu nisaidie, kwa sababu mwezi ujao nami ninapokea. Ya kutolea ulidai au ulinyamaza kwa ajili ya ukwe?

MAMA_ANAYEDAI_MKAJA:

Nilidai. Wakaituma pungufu ya shilingi mia mbili.

KANZU_YA_MKOPO:

Mama, fungua uzi wako mwenyewe humu jukwaani. Hili ni kubwa.