Mizani ya asubuhi ya pili kwenye mieleka ya Olimpiki: inalinda wachezaji au inawaumiza?

Mleta mada:
Wakuu, kwa asiyefuatilia sana nianze na utaratibu wenyewe. Kila daraja la uzito kwenye mieleka ya Olimpiki huchezwa siku mbili. Siku ya kwanza asubuhi unapima uzito, kisha unacheza mpaka nusu fainali. Ukifika fainali au ukibaki kwenye kuwania shaba, asubuhi inayofuata unapanda tena kwenye mizani, na hakuna hata gramu moja ya msamaha. Ukizidi, hukosi pambano lililobaki tu. Unafutwa kwenye mashindano yote na kuwekwa mkiani, hata kama jana ulimshinda kila aliyesimama mbele yako.

Paris 2024 ndiyo iliyotuamsha wengi. Vinesh Phogat wa India aliondolewa asubuhi ya fainali yake ya kilo 50 kwa kuzidi gramu 100. Akakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akashindwa. Kesi yake ilivuma kote duniani, lakini mimi kilichoninyima raha ni kile kilichotokea upande wa wanaume siku moja baadaye, na ambacho watu walikishangilia.

Aman Sehrawat, naye wa India, kilo 57 mtindo huru (ule unaoruhusu kushika miguu ya mpinzani), alipoteza nusu fainali kwa Rei Higuchi wa Japani. Alipopimwa baada ya pambano alikuwa na kilo 61.5. Usiku kucha makocha walimzungusha: mazoezi, maji ya moto, sauna, mashine ya kukimbilia. Kulipokucha alikuwa ameshusha kilo 4.6. Siku hiyo hiyo akamshinda Darian Cruz wa Puerto Rico 13–5 na kuvaa medali ya shaba, akiwa na miaka 21.

Piga hesabu. Kilo 4.6 katika 61.5 ni karibu asilimia 7.5 ya mwili, zimetoka ndani ya saa zipatazo kumi, na sehemu kubwa ni maji. Halafu mtu huyo huyo anaingia ulingoni kunyanyuliwa na kubwagwa. Septemba 2025, kwenye ubingwa wa dunia kule Zagreb, Sehrawat alizidi kilo 1.7 akaondolewa kabla ya kucheza hata pambano moja.

Msimamo wangu: mizani siyo mkosaji mkuu. Ubingwa wa dunia wa mtindo huru kwa wanaume una madaraja kumi. Olimpiki ina sita: 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Mwenye kilo 61 ana daraja lake kwenye ubingwa wa dunia, lakini Olimpiki inamlazimisha ajikaushe hadi 57 au akapambane na watu wa 65 ambao nao wameshuka kutoka 70. Tumewawekea pengo la kilo nane, kisha tunashangaa wanaruka.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, sheria ni moja kwa wote. Huyo Higuchi unayemtaja alizidi gramu 50 kwenye mchujo wa Asia mwaka 2021 na akaikosa Olimpiki ya nyumbani kwao Tokyo. Alirudi, akajipanga, akatwaa dhahabu Paris kwenye kilo zile zile 57. Zamani walikuwa wanapima jioni ya kuamkia mashindano, mtu anashusha kilo nyingi, analala anakunywa maji, kesho anapanda ulingoni mzito kuliko daraja lake. Mizani ya asubuhi mbili ililetwa kuzuia hilo. Ukiilegeza, wazito watashuka zaidi.

Mchangiaji wa pili:
Nimecheza mieleka miaka sita. Msichokijua ni kiu. Unasukutua maji na kuyatema, na akili yote iko kwenye glasi. Huwazi mpinzani hata kidogo. Nilikuwa na miaka 17 na hakuna mtu mzima aliyeniambia niache.

Mleta mada:
Ndugu, pole sana, na ahsante kwa kulisema hili.

Mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya wazito kushuka naikubali, ndiyo maana sijasema mizani ya pili ifutwe. Ninachopinga ni adhabu ya kufuta kazi ya jana, ambayo mtu aliifanya akiwa ndani ya uzito halali. Apoteze pambano la leo, ya jana yabaki. Na mtu akishasikia kwamba atafutwa kabisa, atakaa ndani ya sauna mpaka azimie. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya muda mfupi wakishusha uzito. Baada ya hapo ndipo vyuo vikapiga marufuku sauna na mavazi ya mpira, na madaraja yakasogezwa juu. Hatuna sababu ya kungoja msiba kwanza.

Kuhusu nafasi: Paris ilikuwa na madaraja 18 kwa mitindo yote mitatu (huru wanaume, huru wanawake na Greco-Roman), wachezaji 16 kila daraja, jumla 288. Gawa 288 hao hao kwa 12 kila daraja, unapata madaraja 24, yaani manane kwa kila mtindo. Haongezeki mtu hata mmoja.

Mchangiaji wa tatu:
Hesabu nzuri, ila nani atapunguzwa ili wawe 12? Mchujo wa Afrika na Oceania kwa pamoja ulitoa nafasi mbili tu kila daraja. Zikibaki moja, 36 zinakuwa 24. Ulaya na Asia watabaki na zao.

Mleta mada:
Hapo umenigusa penyewe, na sitaki kulikwepa. Nafasi za mabara zisiguswe, ziendelee kuwa mbili hata madaraja yakiwa 24. Zipunguzwe zile za ubingwa wa dunia na mchujo wa mwisho, ambako wenye nguvu hujichukulia nyingi. Wao watalalamika, najua. Lakini kwa nafasi chache wanazopoteza, watapata madaraja ambayo vijana wao wa kilo 61 na 70 wanaweza kuyacheza bila kukosa usingizi kwenye mvuke. Nazungumzia Olimpiki ya Brisbane 2032. Mwenye mgawanyo bora auweke hapa.