Washa (pete bapa za bolti) na shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) za tripodi ya darubini, natengenezaje mwenyewe hapa Mwanza?

Kirumba_Usiku:
Habari zenu wakuu. Nina darubini ya kioo ya milimita 114, niliipata mtumba, bomba na vioo viko vizuri kabisa ila tripodi ndo inanitesa. Ni ya aluminiamu, pale juu mguu unapoungana na kichwa kuna bolti ya milimita 8 na kila upande kulikuwa na washa nyeupe ya plastiki, sasa zimepasuka na nyingine hazipo kabisa, ukishika mguu unacheza kulia kushoto. Nikiangalia Jupita kwa ukuzaji mkubwa nikigusa tu kitufe cha foksi (cha kunolea picha) picha inatikisika mpaka naacha. Kukaza nati nimekaza, mguu unakuwa mgumu kufungua na plei (huko kuchezacheza) bado ipo. Hadiwea za mjini nimepata washa za chuma tu, muuzaji mmoja kaniambia nikate mpira wa tyubu. Sitaki kutupa tripodi nzima kwa ajili ya vidude vidogo hivi, naombeni ushauri.

FundiNyakato:
Mkuu mpira usiweke kabisa. Mpira unabonyea halafu unarudi, hiyo ndo mitikisiko yenyewe unayoikimbia. Na chuma kikisuguana na aluminiamu kinaila, baada ya muda tundu linapanuka unakuwa na tatizo kubwa zaidi. Unataka plastiki ngumu inayoteleza, nailoni au tefloni ukipata, usipopata chukua dumu la mafuta ya kula, geuza kitako utaona pembetatu, ikiwa na namba 2 ndo penyewe. Kata upande ulionyooka, usikate kwenye kona maana pale unene unabadilika.

Kirumba_Usiku:
Madumu yapo mengi. Ila unene nitaujuaje, na hilo tundu la katikati? Nimejaribu kwa mkasi linatoka kama yai.

FundiNyakato:
Tundu toboa kwanza ndo ukate nje, watu wengi wanaanza na duara halafu wanahangaika kulishika. Nenda kwa fundi viatu yeyote ana panchi za ngozi za saizi tofauti, mpe bolti yako apime, anakugongea juu ya ubao dakika moja. Ukishapata matundu kata nje kwa mkasi ovyo ovyo tu, acha nyama kidogo, zipange zote kwenye bolti moja, kaza na nati pande zote, funga bolti kwenye drili, izungushe taratibu huku umeshikilia msasa au tupa laini. Zinatoka duara zote sawasawa kwa mara moja. Usiende spidi kubwa, plastiki itayeyuka. Mikwaruzo ya pembeni itoe kwa kisu, kimkwaruzo kidogo kinainua washa isikae bapa.

dada_wa_Capri:
Kwenye unene naomba niongeze. Azima fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi) kwa fundi pikipiki, ile anayosetia valvu, ingiza kwenye nafasi kati ya mguu na kichwa nati ikiwa imelegea, panga majani mpaka yaingie kwa kubana kidogo. Huo ndo unene, ugawe sawa pande mbili, ukiweka wote upande mmoja mguu unakaa mshazari. Kama dumu ni jembamba, jazia: kadi ya benki iliyoisha muda ni milimita 0.76, ukuta wa kopo la soda la aluminiamu ni kama 0.1. Hiyo ya kopo iweke upande wa kichwa ambao hauzunguki, plastiki ndo iguse mguu unaozunguka. Halafu nati ya kawaida weka pembeni, nunua ile yenye pete ya plastiki ndani, hailegei ukifungua na kufunga miguu kila siku, na unaweza kuikaza kiasi unachotaka ikabaki hapo hapo.

Mzee_Ukerewe:
Wamesema vizuri vijana. Mimi naongeza kwamba kabla hujalaumu bawaba peke yake shika kila kiungo kimoja kimoja ukitikise: skrubu za kubana miguu ya chini, trei ya katikati, na pale kichwa kinapokaa, maana plei ya juu ikiisha ndo utaisikia ya chini. Mchanga wa ufukweni uoshe kwanza, usiweke oili, inakusanya vumbi, grisi kidogo sana inatosha. Na kama kichwa chako ni cha ikweta, yaani chenye mhimili unaopangwa sambamba na ule wa dunia ili kufuata nyota, hapo Mwanza tuko nyuzi 2.5 kusini, mhimili unalala karibu bapa na uzito wote unaning'inia upande wa kusini, kwa hiyo mguu mmoja uelekeze kusini kabisa. Miguu ya chini usiivute yote, angalia ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Kirumba_Usiku:
Shikamoo mzee, kichwa ni cha ikweta kweli na mguu nimekuwa nikiuelekeza kaskazini kama kitabu chake kinavyosema. Nashukuru sana wote, kesho naanza na fundi viatu na fila geji. Dada, hiyo nati yenye pete naipata kwenye spea za pikipiki?

dada_wa_Capri:
Ndiyo, nenda na bolti yako ujaribishe palepale dukani, nyuzi zinatofautiana.